Msimu wa Kuwapisha Tembo

Tarehe 22 Februari

Leo tumemaliza kuhama. Nyumba ziko palepale. Tulichohamisha ni mashamba.

Niandike ilivyokuwa, maana watu wameanza kuongea kana kwamba ilikuwa hivi siku zote. Kijiji chetu kiko kati ya Mikumi na Ulaya, ile ya Kilosa. Mashariki kuna hifadhi, magharibi kuna mto. Miaka yote kila mtu alilima alipopata, kwa hiyo tembo akitoka hifadhini kwenda kunywa hakuwa na pa kupita isipokuwa katikati ya mahindi ya mtu. Akipita, anakula. Akila, tunapiga madebe. Mwaka jana mwezi wa sita mmoja alishtuka kwa kelele akageuka, na nyuma yake alikuwepo Lazaro, mume wa jirani yangu Goodhope. Tulimzika siku ya pili yake. Goodhope alikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni.

Baada ya hapo ndipo kijiji kikakubali mpango. Mashamba yote sasa yako upande mmoja, upande wa shule, yamebanana kama vitanda vya bweni. Upande wa pili tumeacha ukanda wa pori unaotoka mpaka wa hifadhi hadi mtoni. Maofisa wa Kilosa wanauita ushoroba. Mchana ng'ombe wa wafugaji wanapita humo kwenda kunywa, jioni wawe wameshaondoka. Kati ya ukanda na mashamba tumefunga waya na kuuning'iniza mizinga ya nyuki. Tembo akisukuma waya, mizinga inacheza, nyuki wanatoka, naye anakumbuka shughuli nyingine.

Ndivyo inavyotakiwa iwe. Hatujui kama ndivyo itakavyokuwa.

Mimi ndiye katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wabadilishane mashamba, na wa kwanza kumwomba alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Anselmi. Shamba lake, ule udongo mweusi wa karibu na mto, lilikuwa katikati kabisa ya njia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mungu ameumba, sasa kamati ya Agnesi inarekebisha." Akasaini. Tangu siku ile haniambii neno zaidi ya kuitikia shikamoo.

Tarehe 26 Februari

Mvua. Tumepanda. Mgongo wote unauma.

Tarehe 4 Machi

Mahindi yametoka. Ya kwetu yametoka vizuri kuliko nilivyotegemea, ya Kondo yametoka kama meno ya kibogoyo. Kondo ni jirani yetu wa upande wa chini, ana watoto wanane, na katika kubadilishana amepata kipande chenye changarawe. Nilimkuta amechuchumaa anaokota mawe. Nikamwambia pole. Akasema, "Haya mawe, mama Lightness, kila nikiokota moja linaita wenzake."

Alicheka. Nami nikacheka, lakini nimerudi nyumbani sina raha.

Tarehe 9 Machi

Boniface amekuja kutoka Kilosa. Mume wangu ni fundi wa njia ya reli, tunaonana Jumapili, tena siyo zote. Tulikaa jikoni tukisikiliza redio. Kulikuwa na mtu anaeleza kwamba kuna wataalamu huko duniani wanafikiria kurusha vumbi angani ili jua lipungue, dunia ipoe. Wengine wanataka kupanda misitu jangwani. Wengine wanataka kubadilisha rangi ya mawingu.

Boniface akasema, "Sasa hao nao wanaomba saini kwa nani?"

Nimelifikiria swali hilo mpaka sasa. Mimi nimesogeza mashamba ya kijiji kimoja tu, na kila ninapopita naona watu wananyamaza.

Tarehe 15 Machi

Hakuna mvua.

Tarehe 17 Machi

Hakuna mvua.

Tarehe 21 Machi

Hakuna mvua. Majani ya mahindi yamejikunja kama sigara. Kwenye bomba la maji nimesikia mtu anasema, "Kule mtoni udongo mweusi ungekuwa bado una unyevu." Hakunitaja jina. Hakuwa na haja.

Nikapita kwa baba mkwe kumpelekea uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Basi. Akatazama pembeni mpaka nilipoondoka. Jirani zake wananiambia kila jioni anachukua fimbo yake, anavuka waya, anakwenda kukaa juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni ya shamba lake la zamani. Anakaa tu, ameutazama mto. Nadhani anafanya hivyo ili watu wamwone.

Tarehe 24 Machi

Asubuhi tumekuta mizinga mitatu iko chini, waya umelegea, masega yametapakaa. Nilikasirika. Nikasema moja kwa moja, tena mbele za watu, kwamba hao ni ng'ombe wa wafugaji, wamepitishwa jioni kinyume cha makubaliano. Nikaenda bomani kwa Nalangu.

Nalangu ndiye mwakilishi wa wafugaji kwenye kamati. Ndiye anayetuletea maziwa asubuhi, kaya zote isipokuwa ya Mzee Anselmi, ambaye hajawahi kunywa maziwa ya wafugaji wala kukaa nao benchi moja tangu nimfahamu. Nilimweleza Nalangu kwa sauti ambayo sasa naionea haya. Alichukua shuka lake, tukaongozana hadi kwenye waya. Akainama, akanionyesha nyayo: kucha ndefu, kisigino kifupi.

"Hii ni ng'ombe?" akauliza.

Ilikuwa nyegere. Mla asali mwenyewe.

"Nisamehe, mama Sironga," nikasema, nikimwita kwa jina la mwanawe.

"Nyegere hamjamwandika kwenye mpango," akasema, na akaanza kunisaidia kuinua mizinga.

Tarehe 31 Machi

Idi. Na mvua! Imeanza alfajiri watu wakijiandaa kwenda kuswali, wamekwenda msikitini wameloa na hakuna aliyelalamika. Mchana tumekula pilau kwa Kondo. Kaalika kila mtu, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona mwaka huu. Binti yangu Lightness yuko nyumbani kutoka shule Kilosa, amekula sahani mbili.

Tarehe 12 Aprili

Sasa najua kwa nini Kondo alikuwa mchangamfu.

Leo nimeingia kwenye ukanda kukata fito za kutundikia mizinga. Katikati ya majani marefu, pale palipokuwa shamba lake la zamani, kuna mahindi. Yananifika kiunoni, kijani kibichi, yamepaliliwa. Si machache. Ameacha ukuta wa majani kuzunguka pande zote ili yasionekane kutoka njiani.

Nilisimama pale nimeshika panga. Nilitaka kuyakata. Nikarudi nyumbani na fito zangu.

Tarehe 13 Aprili

Nimemkuta Kondo peke yake, anatengeneza baiskeli.

"Baba Abubakari, nimeyaona."

Hakujifanya hajui ninasema nini. Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Yamestawi, eh?"

"Yako kwenye njia. Tembo wakiyakuta hapo watazoea kusimama hapo. Wakimaliza watavuka waya waje kwetu."

"Tembo hakuhudhuria mkutano wenu, mama Lightness. Atapita anapotaka, mahindi yangu yawepo yasiwepo. Njoo uone kipande mlichonipa. Njoo uchimbe hata jembe moja. Nina watu kumi nyumbani. Nikisubiri mpango wenu ujulikane kama ni mzuri, watoto watakula nini wakati nasubiri?"

Kipande tulichompa ni kibaya, nilijua ni kibaya siku tunaugawa udongo ule, na nilinyamaza kwa sababu hesabu ilikuwa imekubali na nilikuwa nimechoka na mikutano.

Sijamwambia mtu. Najiambia kwamba ikijulikana kuna mmoja amerudi, kesho watarudi kumi, na msimu utakuwa umeharibika. Labda ni kweli. Labda naogopa tu.

Tarehe 16 Aprili

Mvua. Palizi.

Tarehe 20 Aprili

Pasaka. Kanisani watu wengi, kofia mpya, watoto wanalia. Nalangu alinisubiri nje. Wao nao ni waumini siku hizi, yeye na watoto, mumewe Koinet bado. Akanivuta pembeni ya choo cha kanisa, ambako hakuna anayesimama kuongea, ndiyo maana alipachagua.

"Umeyaona yale mahindi," akasema. Hakuuliza.

"Nimeyaona."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Mama Lightness. Ng'ombe wetu akiweka mguu shambani kwenu, jioni hiyo hiyo tunaitwa ofisini tunalipa. Shamba likiweka mguu kwenye njia ya ng'ombe, katibu ananyamaza. Nikirudi bomani niwaambie nini wanaume? Walinicheka nilipoingia kwenye kamati yako."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nilitaka kumweleza kuhusu changarawe na watoto wanane. Nikaona kwamba yeye naye ana watoto, na ng'ombe wao walinyimwa njia walizozoea ili sisi tupate mashamba ya pamoja. Nimemwambia nitaiita kamati Jumatano.

Tarehe 23 Aprili

Kamati imekaa. Kondo ameambiwa ang'oe. Amesema hang'oi, tuje tung'oe wenyewe kama tuna moyo huo. Hakuna aliyenyanyuka. Tukaahirisha.

Nikiwa natoka nimempita mkewe mlangoni. Hakunisalimia.

Tarehe 2 Mei

Mvua.

Tarehe 7 Mei

Mvua. Tembo mmoja dume alipita usiku, tumeona nyayo asubuhi. Alishuka moja kwa moja hadi mtoni bila kugusa kitu. Watu walikwenda kuziangalia zile nyayo kama wanaangalia gari jipya. Nilifurahi kwa saa moja hivi. Halafu nikakumbuka kwamba mahindi ya Kondo yalikuwa bado hayajabeba.

Sasa yamebeba.

Tarehe 15 Mei

Niandike kabla sijalala.

Mvua ilinyesha mfululizo wiki nzima, leo mchana ikakatika, jua likatoka kali. Saa kumi hivi nilikuwa shambani na Goodhope, tunang'oa magugu kwenye maharage. Simu ikaita. Alikuwa Nalangu, ananong'ona.

"Uko wapi?"

"Shambani. Kuna nini?"

"Niko njia ya mtoni na punda, nimekuja kuchota maji. Wametoka mapema. Ni wengi, wana watoto. Na mzee wenu yuko kwenye kichuguu chake."

Nilitupa jembe nikakimbia hadi kwenye waya. Kutoka pale ukanda wote unaonekana. Walikuwa wanashuka kutoka upande wa hifadhi kwa mstari, wamepakaa tope jekundu mpaka mgongoni, mbele jike kubwa lenye jino moja fupi, nyuma yake wakubwa kwa wadogo. Kati yao na mto yalikuwepo mahindi ya Kondo. Kati ya mahindi na mto kilikuwepo kichuguu, na juu ya kichuguu alikuwepo baba mkwe wangu na koti lake la kaki, amewapa mgongo. Masikio yake siku hizi ni mazito. Hakuwa na habari.

Nilitaka kupiga kelele. Nalangu alikuwa bado kwenye simu.

"Usimwite! Upepo unatoka kwao unakuja kwake, hawajamnusa. Wakitulia watapita upande wa juu bila kumgusa. Wakishtuka watakimbilia mtoni, na yeye ndiye yuko njiani."

Wakati huohuo nyuma yangu, mashambani, nikasikia debe la kwanza. Watu walikuwa wamewaona. Tumepiga madebe tangu tukiwa watoto. Ukiona tembo mkono unakwenda wenyewe. Lile jike likasimama. Likainua kichwa, masikio yakafunguka kama milango.

Nikampigia Goodhope.

"Wanyamazishe!"

"Dada, tembo wako hapa! Wamekuja mchana!"

"Baba yuko mbele yao. Madebe yakiendelea watamkanyaga. Goodhope, wanyamazishe."

Simu haikukatika, nilikuwa nasikia anavyohema. Nilijua ninamwomba nini. Mwaka jana Lazaro alikufa na debe mkononi, na kwa mwaka mzima mama huyu amekuwa akisema kwamba laiti wote tungekuwa tumetoka, laiti tungepiga kelele zaidi. Sasa namwambia awazuie watu wasipige.

Kisha nikasikia sauti yake, si kwangu, imetoka kifuani: "Acheni! Acheni madebe! Kuna mtu mbele! Kuna mtu mbele!" Ikawa inakwenda mbali, anakimbia kutoka shamba hadi shamba, mtoto mgongoni bila shaka. Debe moja likanyamaza. La pili. La mwisho lilikuwa upande wa chini, likapigwa mara mbili zaidi, nalo likanyamaza.

Lile jike likashusha kichwa. Wakaingia kwenye mahindi.

Sijui walikaa humo kwa muda gani. Nilikuwa nasikia mabua yanavunjika na watoto wao wanakoroma. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope karibu na mzinga, nyuki wananizunguka, na nilikuwa nasali kwa maneno ambayo hayakupangika. Nilimwambia Mungu kwamba kama nilikosea kurekebisha, anilipe mimi, si yule mzee.

Ndipo nikamwona Nalangu. Alikuwa ameacha punda wake, amepita chini ya ukingo wa mto, ameinama, na anakipanda kichuguu kutoka upande wa pili. Akamgusa mzee begani. Mzee akageuka kwa hasira, nadhani alitaka kuuliza nani anamgusa. Nalangu akamwonyesha kwa kidole. Niliona koti la kaki likiteremka polepole nyuma ya kichuguu, mkono wa Nalangu ukiwa umemzunguka mgongoni, na shuka lake jekundu akalivua akalikalia lisionekane.

Tembo walimaliza. Hawakuja upande wetu. Jike lilinusa kwenye waya mara moja, mzinga mmoja ukatikisika, likarudisha mkonga. Wakashika njia yao. Walipita upande wa juu wa kile kichuguu kwa mstari, karibu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilifumba macho, na nilipofumbua yule wa mwisho, mdogo kabisa, alikuwa anateremka ukingo kwa makalio kuingia mtoni.

Nilibaki palepale kwenye waya. Walikuja wao: Nalangu mbele na punda, Mzee Anselmi nyuma ameshika mkia wa punda kama kamba, kiatu mguu mmoja. Nikasimama, nikajifuta tope magotini.

Akanitazama. Tangu Februari hajanitazama usoni.

"Mama Lightness," akasema, "leo umepika nini?"

Nilicheka mpaka nikalia. Nalangu naye alicheka. Mzee akasimama pale anashangaa, kisha naye akaanza, kile kicheko chake cha kikohozi ambacho nilikuwa nimekisahau.

Tarehe 16 Mei

Goodhope alikuja asubuhi, kabla sijawasha moto. Alikaa kwenye kigoda akamnyonyesha mtoto. Nilimshukuru.

Akaniambia jambo ambalo mimi kule kwenye waya nisingeliona. Lile debe la mwisho, lililokawia kunyamaza, lilikuwa la Kondo. Alikuwa wa kwanza kutoka, maana aliona wanakwenda kwenye mahindi yake. "Nikamwambia mzee yuko mbele. Akaniangalia kama hajaelewa. Akapiga tena. Nikamwambia, Mzee Anselmi, kwenye kichuguu. Basi akaligeuza lile debe akalikalia. Alikaa hivyo, mikono magotini, anaangalia mahindi yake yanaliwa mpaka bua la mwisho."

Kisha akasema, "Mimi niliwaona vizuri. Sijawahi kuwaona mchana."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Sijawasamehe," akasema. "Lakini wapite tu."

Mchana Mzee Anselmi alitaka kwenda kwa Kondo. Nikamwambia apumzike, akasema amepumzika vya kutosha nyuma ya kichuguu. Nilimsindikiza. Kondo alitoka nje haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuona."

Wakakaa. Hakuna aliyetaja mahindi kwa muda mrefu. Waliongea habari za baiskeli. Mwisho mzee akasema, "Jana ulinyamaza."

"Ningefanyaje, mzee."

"Ungepiga. Mimi ningekuwa nimelima eka ile kwa jasho, sijui kama ningenyamaza."

Kondo akainamisha kichwa. Mkewe akatoka ndani na chai, akanipa kikombe cha kwanza.

Tarehe 19 Mei

Mzee Anselmi amekunywa maziwa ya Nalangu. Amesema yana moshi mwingi. Amemaliza kibuyu.

Tarehe 1 Juni

Mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimejiandaa kusema, na nilisema kabla uoga haujanishika: kipande cha Kondo hakifai kulimwa, kamati ilijua, tulikosea, na kosa lile ndilo lililomrudisha kwenye njia. Watu walinung'unika. Mmoja akauliza, sasa tuanze kugawa upya wote? Nikaona mambo yanataka kwenda mrama.

Nalangu akanyoosha mkono. Alisimama upande wa wanaume, na wanaume wa kwao hawakucheka.

"Mmetenga eneo zuri karibu na shule kwa ajili ya kujenga ghala," akasema. "Ghala linakula udongo?"

Kondo mwenyewe akapasuka kwa kicheko. Ghala litajengwa kwenye changarawe yake, ambako msingi utakaa imara, naye atalima pale palipotengwa kwa ghala. Ilichukua miezi minne na kundi la tembo kuliona hilo.

Kwa msimu huu, kila kaya itampa Kondo gunia moja la mavuno. Aliyetoa wazo ni Goodhope. Waliopinga ni wawili, na mmoja wao amekubali baada ya mkewe kumtazama.

Tarehe 14 Juni

Jua. Mahindi yanakauka vizuri.

Tarehe 28 Juni

Tunavuna. Si mavuno ya kuimbia. Kule kwenye udongo mweusi tungepata zaidi, nimemsikia Mzee Anselmi akisema hivyo na ni kweli. Lakini mwaka jana tulipata zaidi shambani na nusu tukaivuna tumboni mwa tembo.

Tangu Mei wamepita mara nyingi, hata hatuhesabu tena. Dume mmoja mkorofi aliuvunja waya upande wetu akala mistari miwili ya mahindi yangu, halafu nyuki wakamwahi. Boniface aliyaona yale mabua akasema katibu naye amelipa kodi.

Hakuna aliyelinda usiku. Hilo ndilo nataka kuliandika. Madungu ya kulindia yapo matupu. Wanaume wamelala majumbani mwao msimu mzima, wake wanalalamika kwamba wanakoroma.

Tarehe 6 Julai

Nimekwenda Kilosa, nimeitwa nieleze mpango wetu kwa watu waliotoka vijiji vingine, wengine kutoka Mvumi, wengine mbali zaidi Mamboya milimani, ambako hawana tembo ila wana korongo linalokula mashamba. Baba mmoja akauliza, "Kwa hiyo dawa imepatikana?"

Nikasema kwa msimu mmoja, ndiyo. Nikasema nyegere hatukumwandika. Nikasema tulimpa mtu mawe, na karibu tumuue mzee. Afisa aliyeniita hakufurahi sana. Nadhani alitaka nieleze vizuri zaidi. Lakini wale watu walisogeza viti karibu, na maswali yakaisha saa nane njaa inauma.

Nimelala kwa Boniface, chumba chake cha karibu na stesheni. Lightness amekuja kutoka shule, wamefunga kwa likizo. Kwenye chakula akaniuliza, "Mama, ukiambiwa uipange dunia yote upya, utaanzia wapi?"

"Barabara ya Mikumi," nikasema. "Viuno vyetu vimeisha."

Baba yake akacheka mpaka akapaliwa. Yeye akasisitiza, anataka jibu la kweli. Nimemwambia ningeanza na sehemu ndogo, na ningeomba nipewe watu wanaoweza kubishana na mimi. Akasema hilo siyo jibu la mtihani. Nikamwambia sawa.

Tarehe 13 Julai

Nimefua. Nimemsuka Lightness. Boniface yuko nyumbani, mchana amelala barazani mdomo wazi, kuku wanampita juu ya miguu. Goodhope amekuja kuazima kinu, tukakaa. Tembo walipita alfajiri. Nimeona kinyesi tu.

Hakuna kilichotokea.